Kilio Alichokichukua Mughwai

Kabla ya Stefano Mughwai, watu wa Singida mjini walipigwa picha wakiwa wamesimama wima, mikono ubavuni, bila kucheka. Yeye ndiye aliyewafanya wajione wakitembea.

Alikuwa fundi redio, kijana wa Ikungi aliyepanga kibanda karibu na soko. Katikati ya miaka ya tisini alifika kwake mpimaji wa barabara akiwa na kamera ya video iliyotumbukia Ziwa Singidani wakati anapiga picha ndege aina ya heroe. Aliiweka mezani huku maji bado yanachuruzika.

"Ukiweza kuiponya, chukua," alisema. "Mimi nimeshaiaga."

Stefano aliifungua, akaikausha juani ndani ya chandarua ili vumbi lisiingie, akasafisha kila kipande kwa spiriti. Vilivyokufa akavibadilisha kwa vipuri vya redio. Kamera ikawaka. Mtu wa kwanza kuingia kwenye mkanda wake alikuwa mkewe, Editha, akipepeta mtama nyuma ya nyumba, akamwambia aache upuuzi, amletee maji. Jioni ile Editha alijiona kwenye runinga ya jirani. Aliomba tu arudishiwe tena mwanzo.

Habari ikaenea. Harusi ikawa si harusi mpaka Mughwai awe amefika na kamera yake begani. Alikwenda Ikungi, Ulemo, Kiomboi, mpaka Itigi kwenye reli, kwa pikipiki ya kukodi, betri kaifunga kifuani kwa kitenge. Kule Ikungi bibi mmoja alijiona akicheza harusi ya mjukuu wake, akageuka kuwauliza waliokaa naye, "Na yule kule, naye ananiona?" Stefano alipenda kusimulia kisa hicho. Alikuwa mcheshi, mwenye adabu kwa wazee, na watu walimwamini. Wengi hawakumwita fundi tena. Walimwita Video.

Walimwita hata kwenye misiba. Wenye ndugu mbali walitaka mkanda wa maziko ili wale walioshindwa kufika waone mpendwa wao alivyosindikizwa. Stefano hakuipenda kazi hiyo, lakini aliifanya vizuri. Alikaa pembeni, hakumulika watu taa usoni, alivaa koti hata kwenye jua kali.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kitongoji kimoja upande wa Kinyangiri, kwenye msiba wa binti aitwaye Eliana. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, hajapangiwa hata shule. Aliugua tumbo, akafa. Mjomba wake aliyefanya kazi Mwanza ndiye aliyeagiza mkanda. Mama wa marehemu, Theresia, alikuwa mjane mwenye watoto wawili tu, Eliana na kaka yake Benjamin. Hakulia kama wengine. Alikaa chini karibu na jeneza, kanga imemfunika nusu ya uso, akawa anaongea na mwanawe taratibu kama mtu anayemwamsha. Kisha sauti ikampanda.

"Mimi ndiye niliyekuua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuua. Nisamehe."

Wanawake waliokuwa karibu walimshika mabega. Kila aliyekuwepo alielewa, kwa sababu mama aliyefiwa husema mambo mengi. Stefano alibaki na jicho kwenye kamera. Hakuizima.

Mkanda aliupeleka kwa wifi yake Theresia, Marietha, mke wa yule mjomba, ambaye ndiye aliyebaki kijijini kuangalia mji wao. Ule wa kwanza, aliorekodia, ukabaki kwake kabatini kama ilivyokuwa kawaida yake.

Miaka michache baadaye Stefano aliamua kutengeneza filamu. Harusi zilikuwa zimemchosha, na vibanda vya video vilikuwa vimejaa mpaka vijijini, watu wamekaa kwenye mabenchi wakiangalia hadithi za nchi nyingine kwa lugha wasiyoijua. Kwa nini wasione ya kwao? Akakusanya wanakwaya, mwalimu mmoja wa michezo ya kuigiza na ndugu wa Editha. Filamu akaiita *Alizeti Nyeusi*. Ilikuwa hadithi ya mama mkulima anayemtoa binti yake kafara kwa uchawi ili shamba lake la alizeti lizae kuliko ya wenzake. Siku hizo filamu isiyo na mchawi haikupata mtazamaji.

Walipiga picha kwenye mashamba kando ya barabara, na zilitoka nzuri. Kitu kimoja tu kilimshinda. Yule dada aliyeigiza mama hakuweza kulia. Walimkatia vitunguu, wakamsimulia habari za huzuni, akaishia kucheka. Halafu mumewe akahamishiwa Tabora, akaondoka naye, na filamu ikabaki bila kilele chake: siku ya maziko, mama anaposhindwa kujizuia na kukiri mbele ya watu.

Stefano alikuwa amekaa mbele ya deki zake mbili, akihamisha picha kutoka mkanda mmoja kwenda mwingine, alipoukumbuka mkanda wa Kinyangiri. Alisimama, akalifungua kabati. Akajiambia anataka tu kuona ulivyo. Kanga ilifanana rangi na ya yule dada. Uso ulionekana nusu. Na lile neno, lile hasa alilolihitaji, lilikuwepo, limesemwa kwa namna ambayo hakuna mwigizaji aliyeweza.

Akalipachika.

Editha aliingia na chai, akaona. Alikuwa ameuona mkanda ule wakati mumewe anautengeneza.

"Baba Catherine, huyu si yule mama wa msiba?"

"Nani atamjua? Uso wenyewe hauonekani."

"Mwenyewe atajijua."

"Kule hawana hata umeme."

Editha aliweka kikombe mezani. "Yule mama alikuwa analia," alisema, akatoka. Hakuligusa tena jambo hilo kwa miaka mingi, na Stefano alikuja kusema kwamba ukimya ule ulimwumiza kuliko kama angemgombeza.

*Alizeti Nyeusi* ilizunguka kwa kasi. Kwenye vibanda, ilipofika ile sehemu ya maziko, watu walinyamaza kabisa, kisha wakaanza kumzomea mama muuaji. Zilipoingia sidi, msambazaji mmoja wa Dar es Salaam alimwita. Aliiangalia filamu akiwa ameegemea kiti, simu mkononi, mpaka ilipofika pale. Akaiweka simu chini.

"Huyu mama umemtoa wapi?"

"Ni msanii wetu wa huko huko," Stefano akajibu.

Hapo ndipo alipoanza. Swali hilo aliulizwa tena na watu wa redio, na wenzake kwenye semina, na kila alipojibu lilizidi kuwa jepesi mdomoni. Msanii yule, alisema, ni mama wa nyumbani, hapendi mahojiano. Akawa prodyuza. Akapanga ofisi yenye vioo, akaajiri wapiga picha, akatoa filamu moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa na sehemu kama ile, na yeye alijua kwa nini.

Siku moja alikuwa akiwajaribu wasanii wapya ukumbini. Msichana mmoja, Rebeka, alijitambulisha kuwa ametokea Kinyangiri. Stefano akamkaribisha kwa furaha ya kawaida tu.

"Kwetu wanakujua sana, mzee," Rebeka alisema. "Si ndiko anakotoka yule mchawi wako."

"Mchawi gani?"

"Yule wa *Alizeti Nyeusi*. Wengine wanasema aliigiza, wengine wanasema hapana, alikiri kweli, nyie mkampiga picha. Alifukuzwa. Walichoma nyumba yake moto mvua zilipokosekana. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka moshi."

Aliyasema kama mtu anayetafuta la kuongea, kisha akauliza kama aanze kuigiza. Stefano akamwambia aanze. Hakusikia neno lolote alilosema.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba kesho yake alikwenda Kinyangiri. Hakwenda. Alijiambia kwanza athibitishe. Akathibitisha: mwenyekiti wa kitongoji, mzee Fredrick, alimweleza kwa simu kwamba ni kweli, Theresia alikimbia na mwanawe, inasemekana yuko Itigi. Akajiambia atasubiri amalize filamu aliyokuwa nayo mkononi. Akaimaliza, akaanza nyingine. Sidi za zamani alizokuwa nazo stoo alizichoma mwenyewe nyuma ya ofisi, akijua zilizoko mitaani haziwezi kurudi. Alipungua mwili. Kanisani hakwenda tena kupokea komunyo, na padri alipomuuliza alisema tumbo linamsumbua. Mikono yake ilikuwa inashika kazi, lakini kila alipomwelekeza msanii alie, ilimbidi atoke nje.

Kilichomtoa ndani hatimaye kilikuwa kichekesho. Miaka imepita, kila mtu ana simu ya kugusa. Binti yake Catherine, mwalimu huko Manyoni, alimtumia kipande kifupi cha video. Kilikuwa na sauti ya Theresia, "Mimi ndiye niliyekuua," imewekwa juu ya picha ya mtu aliyeangusha sufuria ya ubwabwa. Vijana walikuwa wanarushiana. Catherine aliandika chini yake: *Baba, filamu yako imefufuka!* na vikatuni vya kucheka.

Stefano alimpelekea Editha simu jikoni. Editha alisikiliza mpaka mwisho, akaurudisha mkono wake kwenye unga.

"Utakwenda lini?" aliuliza.

Hakuhitaji kumwuliza wapi.

Itigi alimkuta Theresia kwa kuuliza tu. Kila mtu wa stesheni alimjua mama wa asali. Alikuwa na meza chini ya kivuli cha bati, chupa zimepangwa, na hasira kidogo kwa nyuki waliokuwa wanamzonga. Amezeeka, mgongo umeinama, lakini Stefano alimtambua kwa upande ule ule wa uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka ya porini au ya mizinga?"

"Mimi ni Mughwai, mama. Wa video."

Theresia aliendelea kufuta chupa. Alipomaliza alikisukuma kigoda kwa mguu, akamwonyesha akae. Stefano akakaa, akawa mdogo kuliko yeye, akaanza kusema. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na yote yakamtoka ovyo: kabati, mkanda, yule dada aliyeshindwa kulia. Alisema ni yeye peke yake aliyefanya, kwamba hakuna aliyemtuma wala aliyempa kitu.

Theresia alimkatiza.

"Mkanda uliutoa wapi?"

"Kwangu. Ule wa kwanza huwa nabaki nao."

"Si kwa Marietha?"

"Marietha? Hapana, mama. Yeye nilimpa wake. Sijawahi kuuchukua."

Mama yule alishika ukingo wa meza. Treni ya mizigo ilikuwa inaingia, watu wakasogea na mabeseni, na kwa muda hawakuweza kusikilizana. Stefano alifikiri ataanza kulia. Hakulia. Kelele zilipopungua alisema polepole:

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli."

Ndipo Stefano akaelewa kilichokuwa kimetokea, na hakikuwa kile alichokibeba miaka yote. Theresia aliamini wifi yake ndiye aliyeuuza mkanda wa msiba. Nani mwingine angekuwa nao? Marietha aliapa, akapiga magoti, akamfuata mpaka Itigi na kuku mkononi kuomba wapatane. Theresia hakumfungulia mlango. Marietha alikufa kwa presha, na Theresia hakwenda kumzika.

"Nyumba ilikuwa ya udongo," alisema. "Hiyo ningeijenga tena. Marietha ndiye aliyenizalisha Eliana. Usiku wa mvua, peke yake, bila mkunga. Na mimi nikamfungia mlango."

"Nisamehe, mama."

"Subiri." Alinyanyua kidole, si kwa hasira, kama anayemtuliza mtoto kanisani. "Unajua kwa nini nilisema nimemwua? Aliniambia tumbo linauma. Tulikuwa tunavuna. Nikamwambia vumilia, tumalize shamba, Jumatatu tutapata gari la mnadani likupeleke hospitali. Akavumilia. Alikuwa mtoto msikivu. Lile neno lilikuwa langu na yeye. Hata Benjamin sijawahi kumweleza. Wewe ukawapa watu wazomee."

Stefano alitaka kusema kwamba angemjengea, angemhudumia, na maneno yale yakaonekana machafu kabla hajafungua mdomo. Akauliza tu afanye nini.

"Nenda kijijini kwetu. Anza kwa watoto wa Marietha. Halafu waambie wote, kwenye mkutano, mchana, kwa mdomo wako. Na usiende na kamera."

Mtoto wa Marietha aliyebaki kijijini alikuwa mmoja tu, kijana mtu mzima aitwaye Joshua, mkulima wa vitunguu na baba wa familia. Alimsikiliza Stefano akiwa amesimama katikati ya matuta, jembe mkononi.

"Mama yangu alikufa anajitetea," alisema. "Hata siku ya mwisho, akili imeshapotea, alikuwa anasema mkanda uko sandukuni, nendeni mkaangalie. Upo mpaka leo. Tulimwambia nyamaza mama, pumzika." Alitazama pembeni. "Na sisi hatukumwamini sana, unajua. Tulimhurumia tu."

Hakumkaribisha nyumbani, lakini alikwenda naye kwa mzee Fredrick kuomba mkutano.

Walikutana uwanja wa shule. Watu walifika wengi kuliko wanavyofika kwenye mikutano ya maji, maana jina la Mughwai lilikuwa bado kubwa. Stefano alisimama mbele bila kofia na kuwaeleza. Alisema Theresia hakuigiza wala hakukiri chochote. Alisema alikuwa mama anayemlilia mwanawe na yeye, mwizi, akamsingizia uchawi. Alilitumia neno hilo, mwizi, na wazee wakatikisa vichwa kwa sababu halikuwa neno la mtu mwenye ofisi ya vioo.

Kijana mmoja nyuma alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kamera wameificha wapi?" Wengine wakaanza kutazama juu ya miti na madirishani mwa madarasa. Walifikiri ni filamu nyingine. Stefano alilazimika kurudia kwamba hakuna kamera, na kila alipolirudia waliamini kidogo zaidi kwamba ipo. Lilikuwa jambo la aibu, na alilistahili.

Mama mmoja mnene alisimama. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wewe walikuwa wanakupigia makofi."

Mzee mmoja aliyekaa mbele, mwenye fimbo, aliinuka bila kuaga na kuondoka taratibu kupita kati ya watu, na wakampisha. Hakuna aliyemtaja jina, lakini Rebeka, aliyekumbuka moshi, angejua ni mmoja wa waliouwasha ule moto. Wengine wawili walimfuata baadaye. Mzee Fredrick alifunga mkutano kwa kusema kijiji kitakaa, kitaona namna ya kuongea na mama huyo, na kwamba kiwanja chake hakuna aliyepewa. Alikuwa mwenyekiti hata wakati ule nyumba inaungua. Alisema hayo akiangalia chini.

Stefano aliifunga kampuni mwaka huo. Watu wa Dar es Salaam walimpigia kumshauri atengeneze filamu ya kisa chenyewe, wakasema ingeuza sana. Akakata simu. Catherine, alipoambiwa ukweli, alilia, akakifuta kile kichekesho kwenye simu yake na kuwaandikia wote aliowatumia wakifute. Wachache walifuta. Kipande bado kinazunguka, wiki iliyopita tu Stefano alikisikia kwenye simu ya muuza genge, akasimama kumweleza habari nzima, na muuza genge akamsikiliza kwa heshima na kusema, "Lakini kinachekesha, mzee."

Kuelekea Krismasi Joshua alikodi gari kwenda Itigi kumchukua shangazi yake. Alimtaarifu Stefano kwa ujumbe mfupi, bila kumwalika. Theresia angelala kwao, angepelekwa kwenye makaburi ya Eliana na Marietha, ambayo yako karibu karibu, kisha angeamua mwenyewe kama atarudi kwenye kiwanja chake au kwa Benjamin.

Siku ya safari Stefano hakula. Mchana ulipopinda alishindwa kuvumilia, akampigia Theresia. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokewa, nyuma zilisikika sauti za wanawake, sufuria, mtoto akiitwa.

"Mama, shikamoo. Ni Mughwai. Nilitaka kujua kama mmefika salama."

"Tumefika," Theresia alisema. Kisha, kama anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuvunja adabu: "Ulichotakiwa kusema umekisema, baba. Usinipigie tena."

"Ndiyo, mama."

Alikaa na simu mkononi mpaka Editha alipotokeza mlangoni kumtazama.

"Amefika," akamwambia.